Kijana wangu ana shahada ya sayansi ya kompyuta, printa imemshinda. Hizi idara zinafundisha nini?

MzeeWaBusia

Wanajukwaa, habari za jioni. Kuna jambo linanikereketa tangu Jumanne, na nikiendelea kulinyamazia nitapasuka.

Nina duka la stesheneri hapa Busia, upande wa Uganda, si mbali na mpaka. Fotokopi, kuchapa, picha za pasipoti, laminesheni, na kadirisha ka mobile money pembeni. Wateja wangu wakubwa ni mawakala wa forodha na madereva wa malori. Hao wakija wanataka karatasi sasa hivi, si baada ya chai. Jumanne saa mbili asubuhi, foleni imefika barabarani, printa ikaanza kususa. Inavuta karatasi, inaitafuna, inawasha taa nyekundu.

Nikasema leo ndiyo leo, ada yangu inarudi nyumbani. Kijana wangu wa pili alimaliza mwaka jana chuo kimoja cha serikali, sayansi ya kompyuta, miaka mitatu. Nimeuza ng'ombe watatu na kile kiwanja cha Dabani. Nikamwita. Akaja, akaitazama printa kama mtu aliyekuja kumjulia hali mgonjwa wa jirani, akaizima, akaiwasha. Halafu akatoa simu akaingia YouTube.

Ikabidi nitume mtu amlete fundi wa kando ya stendi, kijana aliyeishia S.3, yaani kidato cha tatu. Akafungua mlango wa nyuma, akachomoa kijiroli cha mpira, akakipangusa kwa kitambaa chenye spiriti, akakirudisha. Dakika kumi. Elfu kumi na tano.

Jioni nikamuuliza mwanangu kwa upole kabisa: kule mlikuwa mnasoma nini? Akasema, "Baba, mambo mengi. Kwa mfano namna ya kupanga namba." Kupanga namba! Miaka mitatu! Nikamuuliza zinapangwaje, akanijibu kuna njia nyingi, nyingine zina haraka kuliko nyingine.

Sasa naomba wenye elimu wanieleze bila kunitukana. Idara ya sayansi ya kompyuta kwenye chuo kikuu ina kazi gani hasa? Maana kama si kutengeneza kompyuta, na si kutengeneza printa, mimi nimenunua nini?

ChapatiMayai

Pole mzee 😂 Shemeji yangu ana shahada ya mifugo, juzi kuku wake wamekwisha wote. Nafuatilia uzi.

FundiKampala

Mzee, hicho kijiroli ndicho kinachovuta karatasi. Vumbi la karatasi linaganda juu yake, mpira unateleza, karatasi inaingia upande. Ukinunua karatasi za bei rahisi kitakusumbua kila baada ya miezi miwili. Hapo hakuna sayansi, ni mazoea tu. Mimi natengeneza simu katikati ya Kampala mwaka wa kumi na moja huu, na chuo sijakanyaga. Tena amekupiga, kazi hiyo ni ya elfu tano.

Ila kijana nitamtetea kidogo. Mwaka juzi nilitaka programu ya kufuatilia simu za wateja: nani kaleta, ina ugonjwa gani, kalipa nusu, nusu bado. Jamaa mmoja wa mtaani akaniandikia. Miezi minne ikaenda vizuri. Simu zilipofika elfu kadhaa, ukitafuta jina la mteja unatoka kununua soda, unarudi, bado inatafuta. Mwenyewe akaniambia ninunue kompyuta yenye nguvu zaidi. Sasa kuna binti wa chuo alikuja kubadilishiwa kioo, akaona ninavyohangaika, akaomba kuangalia. Akaongeza mstari mmoja kwenye hifadhidata. Mmoja! Utafutaji ukawa wa kufumba na kufumbua. Akasema jamaa hakuweka faharasa, kama ile ya nyuma ya kitabu, kwa hiyo mashine ilikuwa inasoma kitabu kizima kila nikiuliza jina.

Kioo nilimwekea bure. Mambo ya kupanga namba siyajui, lakini yule binti aliyajua.

Mwl_Mstaafu

Mzee wa Busia, nimefundisha fani hii zaidi ya miaka ishirini, kwa hiyo nina upendeleo. Nisome ukilijua hilo.

Jina ndilo linaloponza. Mtu akisikia sayansi ya kompyuta anafikiri ni sayansi ya kile kisanduku. Idara hizi hazikuzaliwa kwenye karakana, zimetoka tumboni mwa hisabati. Cambridge kule Uingereza walianza kufundisha kozi ya namna hii mwaka 1953, ndani ya maabara yao ya hisabati. Mashine yao waliijenga kwa sababu walikuwa na mahesabu yaliyowashinda kwa mkono. Marekani, idara ya kwanza yenye jina hili ni ya Purdue, mwaka 1962. Swali lilikuwa moja: kazi gani inaweza kukatwakatwa vipande vidogo mpaka mashine isiyo na akili ikaimaliza, na itahitaji hatua ngapi?

Hapa kwetu, Makerere walianzisha Taasisi ya Sayansi ya Kompyuta katikati ya miaka ya 1980, wakati kompyuta za nchi nzima unaweza kuzitaja kwa majina. Mapema miaka ya 1990 pale chuoni kulikuwa na kituo cha barua pepe kilichoitwa MUKLA. Msifikiri ni intaneti hii ya leo. Unaandika barua, inakaa kwenye mashine pamoja na za wenzako, halafu modemu inapiga simu nje ya nchi na kuzimwaga zote kwa mkupuo, kwa sababu dakika ya simu ya kimataifa ilikuwa inauma. Kampuni za intaneti zilikuja baadaye, walipokwisha kuona kwamba kuna watu wanaohitaji kitu hicho.

Sasa kupanga namba. Mzee, una daftari la mobile money. Tuseme lina majina milioni moja yaliyoandikwa ovyo, na polisi wamesimama mlangoni wanataka jina moja. Utasoma moja moja, na siku yako ikiwa mbaya utasoma yote. Lakini yakiwa yamepangwa kwa alfabeti, unafungua katikati. Jina liko mbele au nyuma? Nusu nzima unaitupa. Iliyobaki unaifungua katikati tena. Ukikata hivyo mara ishirini, umelishika. Ishirini, badala ya milioni. Yule binti wa FundiKampala hakufanya kingine. Mimi nilifundishwa jambo hili kwenye mashine ambayo leo isingeweza kubeba hata picha moja ya simu yako, na halijabadilika hata nukta. Lugha za kuandikia programu nilizowahi kufundisha, nne nimeshazizika.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya idara ni kumpa mtoto kitu kisichooza. Printa anaweza kujifunza Jumamosi moja akiwa na yule fundi wako wa stendi, na ningekuwa wewe ningemtuma.

Lakini hasira yako ina haki yake, na nitarudi kusema kwa nini. Umeme unachezacheza huku.

Akello_MwakaWaTatu

Mwalimu nakuheshimu, ila chuo unachokieleza ni cha kwenye makaratasi.

Mimi niko mwaka wa tatu, chuo sikitaji. Darasani tuko zaidi ya mia na arobaini. Maabara ina kompyuta thelathini na tano, zinazowaka ni kumi na nane. Nimezihesabu wiki iliyopita nikisubiri zamu. Mtihani wa kuandika programu tunaufanya kwa kalamu kwenye karatasi. Ukisahau nukta-mkato unakatwa alama, lakini kama programu ingefanya kazi au isingefanya, hakuna anayejua, hata msahihishaji. Mhadhiri wetu mmoja anafundisha vyuo vitatu. Tunamsoma kwa viatu: vikiwa na vumbi jekundu ametokea kwenye kile cha pili na leo tutapata dakika arobaini tu.

Halafu kuna kabati.

Mwezi uliopita karani wa idara alinituma nimtafutie ripoti ya zamani. Miradi ya mwisho inatunzwa kwenye kabati la chuma nyuma ya meza yake, limejaa mpaka mlango umefungwa kwa kipande cha mpira wa tairi ya baiskeli. Ripoti zote zina jalada gumu jeusi na herufi za dhahabu. Jalada hilo peke yake linakula hela ya chakula cha wiki. Nikakaa chini sakafuni nikaanza kusoma majina. Mfumo wa Kusimamia Hospitali. Mfumo wa Kusimamia Hospitali kwa Njia ya Mtandao. Mfumo Ulioboreshwa wa Kusimamia Hospitali. Kwa miaka sita nilihesabu kumi na moja ya hospitali. Nikafungua mmoja mmoja kutafuta sura ya mahojiano. Ni mmoja tu ambao mwandishi alikwenda zahanati akaongea na muuguzi, na muuguzi alimwambia jambo zuri sana: kwamba daftari la wagonjwa linapotea kwa sababu mlinzi wa usiku analitumia kuegemeza mlango. Alama imeandikwa kwa penseli ndani ya jalada: C. Pembeni, "kurasa hazitoshi".

Nyuma ya kila jalada kuna bahasha yenye CD, na ndani ya CD ndiyo programu yenyewe. Nikachukua tatu nikaenda nazo maabara. Hakuna kompyuta hata moja yenye mahali pa kuingiza CD.

Mchokozi

Jibu limepatikana. Idara ni kiwanda cha majalada meusi. Tufunge uzi?

BwanaShamba_Teso

Usifunge, ndugu yangu.

Mimi si mtu wa kompyuta, ni bwana shamba, na huku Teso bila muhogo atap, ugali wetu, haipikiki. Nitawaeleza nilichokiona mimi.

Muhogo una maadui wawili wakubwa: batobato na michirizi ya kahawia. Magonjwa haya yote mawili yanaenezwa na inzi weupe na kwa kupanda vijiti vilivyokwisha kuambukizwa. Batobato hujificha kwa shida, jani linajikunja na kutoa mabaka ya manjano. Michirizi ndiye mchawi. Mmea unasimama vizuri, jani lina umanjano kidogo kando ya vena ambao utadhani ni uzee tu. Mkulima anasubiri mwaka mzima. Siku ya kuchimba anakata kiazi cha muhogo, ndani kimekauka, kahawia kama kizibo cha chupa. Hapo amekwisha kuwagawia majirani vijiti vya kupanda.

Kazi yetu ilikuwa kutembea mashambani na kutoa alama kwa jicho, moja mpaka tano. Moja ni mzima, tano ni hoi. Sasa mimi natoa tatu, mwenzangu anatoa nne, jani lile lile. Na ikifika saa saba, jua limekaa utosini, nawaambia ukweli kila jani ni tatu.

Watu wa maabara ya akili bandia ya Makerere ndio waliokuja na hoja kwamba simu inaweza kutusaidia hapo. Walishirikiana na watafiti wa mazao wa Namulonge. Picha za majani zilipigwa mashambani, nyingi na wakulima wenyewe, kisha wataalamu wakazipa majina moja moja: hili batobato, hili michirizi, hili zima. Mwishoni mwa mwaka 2020 picha 21,367 ziliwekwa kwenye mashindano ya Kaggle, tovuti ya kushindanisha watu wa data, zikiwa na makundi matano, yaani magonjwa manne na majani mazima, na watu wa dunia nzima wakashindana kuifundisha mashine kuyatofautisha. Leo kuna kijana huko Asia ambaye hajawahi kuonja muhogo lakini batobato anaijua kuliko chifu wa kijiji changu.

Mimi kilichonishika ni zile picha. Zina vidole vya watu, vivuli, udongo, jani moja lina magonjwa mawili kwa mpigo. Picha safi ya mezani inaifanya mashine ifaulu mtihani na kuaibika shambani. Mtu wa kompyuta asingelijua hilo bila kuvua viatu na kuingia topeni. Binti Akello, zile hospitali kumi na moja mimi hazinisumbui. Kinachonisumbua ni kwamba kumi kati yao hazikuwahi kufikiwa na mwandishi.

Akello_MwakaWaTatu

Hapo bwana shamba umenigusa. Mradi wangu ulikuwa ni mfumo wa kusimamia maktaba 🙈 Kesho naenda kukaa kwa mkutubi kwanza.

Mchokozi

Hadithi ya muhogo tamu. Ila naomba kuuliza, nani analipia? Huwa ni Google, huwa ni Wazungu wa mfuko huu na ule. Hela ikitoka nje, swali nalo linatoka nje. Siku wafadhili wakichoka na muhogo, maabara itafanya nini? Na sisi walipa kodi tunatoa nini zaidi ya hotuba za mahafali?

Mwl_Mstaafu

Umeme umerudi. Mchokozi, jina lako linakufaa, ila hapa uko nusu ya ukweli.

Ni kweli kwamba wahadhiri wengi wa kizazi cha baada yangu walipata udaktari wao kwa fedha za Norwei, Uholanzi na Sweden, miaka ya 2000. Bila hizo, tungekuwa na shahada ya kwanza inafundishwa na mwenye shahada ya kwanza. Na ni kweli kwamba mfadhili anakuja na orodha yake mfukoni. Nimewahi kukaa kwenye kikao cha saa tatu tukitafuta namna ya kuingiza neno lililokuwa kwenye tangazo la mfadhili ndani ya utafiti ambao haukuwa na uhusiano nalo. Tulilipata. Sijivunii.

Lakini tazama AirQo. Ilianza Makerere mwaka 2015, kupima uchafu wa hewa. Kila mtu aliyewahi kushika taksi pale Kampala saa kumi na mbili jioni anajua hewa ni chafu, lakini chafu kiasi gani, na wapi kuliko wapi? Mashine za kupimia za nchi za nje ni ghali mno kuziweka kila kona, tena hazikuumbwa kwa vumbi letu, joto letu na umeme wetu. Wakatengeneza zao za bei nafuu, nyingine wakazifunga kwenye boda boda zizunguke mitaani. Hapo kuna kuchomelea saketi, kuna kuandika programu, kuna hesabu za kusahihisha namba za kifaa rahisi ili zikubaliane na za kifaa ghali. Fedha za nje zilikuja, ndiyo, lakini swali lilikuwa limeshaulizwa na watu wanaovuta hewa hiyo.

Na kuna maswali ambayo hata mfadhili hatayalipia, hayo ndiyo ninayotamani idara zetu ziyashike. Julai 2018 serikali iliweka kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa anayetaka WhatsApp, Facebook na wenzao. Nchi nzima ilikuwa na maoni. Wangapi waliacha kabisa? Wangapi walikimbilia VPN, ile programu ya kupita kwa kujificha ili kodi isikukamate, na mzigo wa VPN uliongeza bando kwa kiasi gani? Mwaka 2021 kodi ile ikaondolewa, ikaletwa ya asilimia 12 kwenye bando lenyewe. Nani alipima ya kwanza ilifanya nini kabla ya kuleta ya pili? Kampuni za simu zina namba zao, lakini zinauza bando. Serikali ina zake, lakini inakusanya kodi. Mtu anayeweza kupima bila kuuza wala kukusanya ni mwalimu na wanafunzi wake. Vivyo hivyo sheria ya kulinda data binafsi ya mwaka 2019: wanafunzi mia na arobaini wa Akello wangeweza kutumwa kila mmoja kusoma fomu moja ya usajili, ya benki, ya shule, ya kanisa, na kurudi kusema inachukua taarifa gani isizozihitaji. Hiyo haihitaji kompyuta hata moja inayowaka.

Sasa hasira ya mzee. Vyuo vyetu vimegundua kwamba neno kompyuta linaleta ada. Kwa hiyo tuna sayansi ya kompyuta, teknolojia ya habari, mifumo ya habari, uhandisi wa programu, na mahali pengine ukiyafungua yote manne unakuta walimu ni wale wale na madokezo ni yale yale. Hizi ni kazi tofauti! Anayetaka kushika nyaya, printa na mitandao ya ofisi kuna diploma na vyeti vizuri tu, na anaanza kula jasho lake mapema. Siku ile ya usajili kuna mtu alipaswa kumketisha Mzee wa Busia na kumwambia, "Mzee, hapa hatufundishi printa." Hakuna aliyemwambia, kwa sababu angeondoka na ng'ombe wake.

Mtz_Kampala

Mzee shikamoo. Mwalimu shikamoo. Mimi ni Mtanzania, nasoma hapa Kampala.

Naongeza moja tu. Lugha. Kampuni kubwa inaweza kuwekeza kwenye Kiingereza na Kifaransa ikalala usingizi. Nani atawekeza kwenye Kilugbara? Hapa Uganda watu wa Makerere na wa Sunbird AI wamekusanya sentensi za Kiganda, Kiacholi, Kiteso, Kilugbara na Kinyankole ili mashine iweze kutafsiri. Kazi ya kuchosha kabisa, mtu anakaa na sentensi moja anabishana na mwenzake kuhusu kiambishi. Mimi mwenyewe nilijitolea kurekodi sauti za Kiswahili kwenye Common Voice, mradi wa kukusanya sauti za watu ili mashine zijifunze lugha, sentensi mia moja, mpaka mwenye nyumba akauliza kama nasali.

Na Kiswahili chenyewe Baraza la Mawaziri la Uganda lilikipitisha mwaka 2022 kuwa lugha rasmi ya pili. Sawa, lakini Kiswahili cha nani? Simu yangu inanielewa mimi wa Tanga. Rafiki yangu wa Arua akiongea, inaandika maajabu.

DadaKoboko

Hata wewe wa Tanga ungekuja kwetu ungeandika maajabu 😂 Bibi yangu anaongea Kinubi, Kiswahili na Kilugbara ndani ya sentensi moja, na anataka jibu.

FundiKampala

Nirudi kwa mambo ya ardhini. Hao wanafunzi huwa wanatoka kwenda mazoezi ya kazini, wiki nane. Mpwa wangu alipelekwa ofisi moja ya wilaya, siitaji. Wiki ya kwanza alipewa kiti. Wiki ya pili kiti kikachukuliwa na mgeni. Zilizobaki alikuwa anapiga fotokopi na kuleta chai, na mwisho wakamjazia kitabu cha ripoti kwamba "amesimamia mtandao". Mtandao wenyewe ni ile ruta iliyo juu ya kabati, kazi yake ilikuwa kuizima na kuiwasha.

Nikamuuliza mkufunzi wake aliyekuja kumkagua, mbona msiwalete kwetu? Meza yangu kwa siku inapita simu thelathini, kila moja na ugonjwa wake. Akacheka, akasema idara haiwezi kuandika kwenye barua kwamba mwanafunzi yuko kibandani. Nikamwambia ssebo, kibanda hiki kinalipia watoto wanne ada.

Mwl_Mstaafu

Hilo la kibanda linaniuma kwa sababu ningejibu vile vile kama yeye. Barua lazima iende kwenye ofisi yenye muhuri.

MzeeWaBusia

Wanajukwaa nawashukuru. Nimesoma yote, mengine nimesomewa. La daftari na kukata katikati nimelijaribu na mke wangu kwa kutumia kitabu cha kanisa cha waumini. Kweli, mara nane tukalipata jina. Nikanyamaza.

Lakini nina habari mpya. Nilimpeleka kijana kwa yule fundi wa stendi Jumamosi kama mwalimu alivyoshauri. Amejua kijiroli. Sasa aliporudi akaanza kuibonyeza bonyeza printa, ikatoa karatasi moja yenye takwimu. Kumbe ina kaunta ndani, inahesabu kila kurasa iliyotoka tangu siku ya kwanza. Akaniuliza, baba, mwezi wa kwanza ulipoileta dukani si ilikuwa mpya? Nikasema ndiyo. Akachukua madaftari yangu yote, akajifungia siku mbili, akaandika kitu kwenye laptopu yake.

Printa inasema imetoa kurasa 61,480. Daftari linasema nimeuza 57,300. Zinapungua 4,180. Hapa kwangu kurasa moja ni shilingi 200. Kijana hakusema kitu, akaniwekea tu karatasi mezani, 836,000, imepigiwa mstari.

FundiKampala, hiyo kaunta inaweza kudanganya?

FundiKampala

Mzee, printa haina mke wala deni. Haina sababu ya kudanganya.

Mwl_Mstaafu

Polepole jamani. Printa iliyokuwa inatafuna karatasi imetoa kurasa nyingi zilizokwenda kwenye taka, na za majaribio, na za wateja waliosema herufi ni ndogo, rudia. Nazo zinaweza kuwa ndani ya kaunta. Mzee, kabla hujamwangalia mtu kwa jicho baya, mwambie kijana apime kwanza kwa wiki mbili: ngapi zinaharibika kwa siku.

ChapatiMayai

Nimeahirisha kula kwa ajili ya uzi huu. Asubuhi dukani anakaa nani?

MzeeWaBusia

Mwalimu, ameshaanza. Jana jioni ameweka boksi chini ya meza, kila karatasi iliyoharibika inaingia humo, na usiku anazihesabu.

Mke wangu ameuliza boksi ni la nini. Nimemwambia ni mambo ya sayansi.